Yule Anayeongea kwa Pua

Siku niliyotoka hospitali mama alinipokea kama mgeni. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mapajani, na nilipomsalimia aligeuza sikio upande wangu, kama alivyozoea tangu macho yalipomzimikia, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akatafakari kidogo, kisha akasema kwa upole, "Karibu, ukae. Lakini mwenye nyumba hayupo. Yuko hospitali."

Mwenye nyumba ni mimi. Nyumba iko Waithaka, nje kidogo ya jiji, kwenye kipande cha ardhi alichotuachia babu. Mbele tunakaa mimi na mama, nyuma kuna vyumba vya wapangaji na banda la ng'ombe mmoja mkaidi. Nimeishi hapo maisha yangu yote, isipokuwa miaka michache ya ndoa ambayo sina haja ya kuieleza. Na sasa nilikuwa nimesimama chumbani, mkoba wa hospitali mkononi, nakaribishwa kwangu.

Mama hajui Kiswahili ila cha kununulia sukari, kwa hiyo yote tuliyosema mimi naye tuliyasema kwa Kikuyu. Tena mimi nimerithi jina la nyanya yangu, aliyemzaa mama. Kwa desturi yetu hiyo inamaanisha kwamba mimi ni mama yake. Tangu nizaliwe ameniita Maitu, yaani mama yangu, nami humwita Maitu vilevile. Nyumbani kwetu watu wawili wazima huitana mama kutwa nzima na hakuna anayechanganyikiwa. Jioni ile hakuniita Maitu. Aliniita "wewe".

Nikamwendea karibu ili anipapase. Vidole vyake vilianza kwenye paji la uso, vikashuka, na vilipofika shavu la kushoto vikazama mahali ambapo hapakuwa na mfupa tena. Akaondoa mkono haraka. "Maskini," akasema. "Kumbe wewe pia umeugua."

Madaktari walikuwa wameniondoa upande wa kushoto wa taya la juu: meno, nusu ya kaakaa na kipande cha mfupa wa shavu. Kulikuwa na uvimbe humo, na uvimbe wenyewe haukuwa wa mzaha. Baada ya upasuaji nikaenda kupigwa mionzi wiki baada ya wiki, nikakonda hadi mikono yangu ikawa ya mtu mwingine. Wakaniambia uvimbe wote umetoka, nikamshukuru Mungu kwa dhati. Ila sikuwa nimeelewa, hata walipojaribu kunieleza, kwamba kaakaa ni dari ya mdomo na pia ni sakafu ya pua. Likitobolewa, kila kitu kinapita hapo. Uji ulinitokea puani. Chai ilinitokea puani. Maneno nayo yalipita puani, tena yakibadilika njiani. Jaribu kusema "baba" huku pumzi yote ikikutoka puani, utasema "mama". "Bibi" inakuwa "mimi". "Dada" inakuwa "nana". Walinipa kibamba cha muda cha kuziba tundu, lakini kidonda kiliponywea kibamba kikaanza kucheza mdomoni kama kiatu cha kuazima, na sauti ikaendelea kuvuja.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyekuwa akimtunza mama nilipokuwa hospitali. Ni mtu wa magharibi mwa nchi, anauza mboga soko la Kangemi, na Kikuyu chake alikiokota hukohuko sokoni, cha kupatana bei. Akajaribu kunitetea. "Cucu, huyu ni Maitu wako," akamwambia, akimwita nyanya kwa Kikuyu chake cha sokoni. "Amepasuliwa mdomo, ndiyo maana anaongea hivi."

Mama akatikisa kichwa. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka kitambo. Ya zamani aliyashika yote, ya juzi yalikuwa yakimteleza, na habari ya upasuaji tulimweleza mara nyingi, na kila mara ilikuwa mpya. "Wewe ni mtoto mzuri," akamwambia wifi, "lakini usinidanganye kwa sababu sioni. Sauti ya mtoto wangu naijua."

Nilikasirika. Sitasema nilihuzunika kwanza, maana si kweli. Nilikasirika na uvimbe, na madaktari, na mama, na yule ng'ombe aliyekuwa akilia kama hakuna kilichotokea. Nilitoka nikasimama nyuma ya vyumba vya wapangaji, nikalia kwa ile sauti mbaya, na nilipochoka kulia nikaamua jambo moja. Mama alikuwa amekula chumvi nyingi, na kifua chake kilikuwa kikimsumbua kila msimu wa baridi. Hakuwa wa kukaa milele. Basi ni lazima anijue kabla hajafa. Sikutaka akazikwe akidhani mtoto wake alimwacha na mgeni. Mengine, sura, meno, kula nyama, yangesubiri.

Siku za kwanza alikataa kula mkononi mwangu. Si kwa ubaya. Kwake yeye haikuwa adabu kula chakula cha nyumba wakati mwenye nyumba hayupo, tena akilishwa na mtu asiyemjua. Wifi akawa anakuja asubuhi kumlisha kabla ya kwenda sokoni. Kisha njaa na mazoea vikafanya kazi yao, akanikubalia uji, halafu viazi, halafu kuogeshwa. Akanipa na jina. Wifi alipofika mama alikuwa akimuuliza, "Yule anayeongea kwa pua ameenda wapi?" Wifi alinitazama akiwa hajui acheke au alie. Mimi nilimwambia acheke tu, kazi ya kulia nimeshaifanya.

Nilirudi kazini pia. Nina kibanda cha vifungo, nyuzi na zipu katikati ya jiji, ndani ya jengo lenye vibanda vingi vya namna hiyo, na wateja wangu wengi ni mafundi wa nguo. Mimi ni mtu wa mdomo. Biashara yangu yote ilikuwa mdomo: utani, kusifia kitambaa cha mtu, kumwambia fundi kwamba rangi hiyo itamwaibisha. Sasa nilivaa barakoa na kuelekeza kwa kidole. Wateja walikuwa wema, na wema wao uliniudhi. Mtu akikuhurumia anaongea polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio ndiyo yaliyokatwa.

Daktari wa kutengeneza viungo vya bandia vya uso na mdomo alikuwa na chumba mwisho wa korido ndefu katika hospitali moja ya mjini. Hapo kwenye benchi ndipo nilipojua kwamba siko peke yangu. Kulikuwa na mwanamke aliyefunika jicho kwa leso nzuri ya kusuka. Kulikuwa na mzee wa makamo ambaye pua yake ilikuwa ya bandia, imeunganishwa na miwani, na alipenda kuwaambia wageni, "Mimi nikivua miwani, navua na pua. Usishtuke." Alikuwa akitusabahi kwa kunyanyua zote mbili kidogo, kama mtu anayenyanyua kofia. Nilimpenda papo hapo.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana kutoka Mombasa, mpole, mwenye Kiswahili cha kupendeza masikioni. Alinieleza kwamba angenitengenezea kizibo. Kina jina refu la kidaktari, lakini pale kwenye benchi sote tulikiita kizibo. Ni kibamba cha plastiki ngumu ya waridi, chenye meno upande uliokatwa, na waya za kushika meno yaliyobaki, na juu yake kuna kinundu chenye uwazi ndani ambacho huingia kwenye tundu na kuliziba.

"Nitaongea?" nikamuuliza, kwa kuandika, maana nilikuwa nimechoka kurudia maneno.

"Utaongea, mama. Lakini kwanza fungua mdomo."

Nikafungua. Ulifunguka kiasi cha kuingiza kidole tu. Mionzi ilikuwa imekaza misuli ya taya, na kizibo hakiwezi kupita mlango usiofunguka. Akanipa fungu la vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unavisukuma katikati ya meno, unavumilia, ukizoea unaongeza kimoja. Hakuna mashine wala dawa. Ni wewe na vijiti na machozi.

Nilivivumilia. Nilikaa navyo nikikamua ng'ombe, nikiosha vyombo, nikisikiliza mahubiri redioni. Kibandani nilikaa navyo chini ya barakoa, na fundi mmoja aliponiuliza kwa nini barakoa yangu imechongoka nikamwonyesha mkono aende zake. Kuna siku taya liliwaka moto hadi nikaona nyota. Mama alisikia nikiguna akasema, "Yule anayeongea kwa pua ana maumivu. Mpeni dawa." Nikavitoa, nikapumua, nikavirudisha, nikaongeza kimoja. Kila nilipotaka kukata tamaa nilimtazama mama akigeuza sikio kila mlango ulipofunguka, akimsubiri mtoto wake.

Hatimaye mdomo ukafunguka vya kutosha. Daktari akanijaza mdomoni ute mzito ambao hugandamana kama ugali uliopoa, akaniambia nipumue kwa pua na nisifikirie kutapika. Ukimwambia mtu asifikirie kutapika umemwambia atapike. Lakini sikutapika. Nilishika mikono ya kiti nikamfikiria yule mzee wa miwani, ambaye alikuwa amefunikwa uso mzima kwa kitu kama hicho na bado akatoka akitania.

Siku kizibo kilipoingia kwa mara ya kwanza, daktari alinipa glasi ya maji. Nikanywa nikiwa nimeshika kitambaa chini ya pua, kama nilivyozoea. Maji yakashuka kooni. Nikanywa tena. Pua kavu. Nikaiweka glasi chini nikalia, na daktari akageuka dirishani akajifanya anatafuta kitu.

Halafu akaanza kunipima maneno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Hebu sema baba."

Nikasema baba, na baba ikatoka baba. Sijawahi kufurahia neno hivyo.

"Sema chai."

Nikasema.

Akakunja uso. "Tena. Chai."

Nikarudia. Akaweka sikio karibu. "Chupa. Chapati. Mchicha." Nikasema yote, moja baada ya jingine, kwa ufasaha wote niliojaliwa. Akatikisa kichwa. "Pumzi inavuja mahali. Sauti inakimbia pembeni, inasuasua. Kizibo bado hakijakaa sawasawa."

Akapaka nta juu ya kinundu, akanirudishia, akanipima tena. Bado ilivuja, akasema. Akaongeza. Niliporudi baadaye akaongeza tena. Alikuwa mtu wa bidii, hakutaka kunitoa na kazi nusunusu, na mimi sikutaka kutoka na sauti nusunusu. Tulikutana watu wawili wakaidi. Kinundu kikanenepa hadi kikawa kinanisugua ndani, kikanitia kidonda, lakini nilifunga mdomo kwa sababu niliambiwa bado kinavuja. Nyumbani nilifanya mazoezi mbele ya kioo: chai, chupa, chapati. Mimi niliona niko sawa kabisa. Nikadhani hata masikio yangu yameharibiwa na mionzi.

Siku moja nikaona basi, inatosha. Nikakivaa kizibo, nikavua barakoa, nikaingia kwa mama. Nilikuwa nimeyachagua maneno: Maitu, ni nii. Mama, ni mimi.

Kinundu sasa kilikuwa kimeziba si tundu tu, bali na njia ya pua yenyewe. Zamani b ilikuwa m. Sasa m ikawa b na n ikawa d. "Baitu," nikasema, "di dii."

Mama akageuza sikio. "Ni yule anayeongea kwa pua," akamwambia wifi. "Amepata mafua. Mchemshie maji ya tangawizi."

Wifi alitoka nje mbio. Nilimkuta ameegemea ukuta wa banda, kanga mdomoni, mabega yakitikisika. "Wifi, nisamehe," akasema. "Lakini afadhali ile ya kwanza, bana. Saa hii unaongea kama mtu ameanguka ndani ya mtungi." Nikamtazama kwa hasira, kisha nami nikacheka, na kicheko chenyewe kikatoka cha mafua, tukacheka zaidi. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mama alikuwa ameanza kukohoa.

Nikarudi kliniki nikiwa nimeazimia kugombana. Daktari alikuwa na kizibo mkononi, akitazama wapi tena pa kuongeza. Nesi wake, mama mmoja mnene mwenye furaha, akaingiza kichwa mlangoni.

"Daktari, shai inapoa."

Daktari akasimama mkono ukiwa hewani. "Umesema nini, sista?"

"Shai. Nimekuwekea hapo kwa meza. Na shapati moja, mbili ameshukua mwenzako."

Daktari alimtazama nesi mdomoni, kana kwamba naye ana tundu. "Sista, wewe watoka wapi?"

"Mimi? Limuru."

Akanigeukia. "Na wewe, mama? Kwenu ni wapi?"

"Waithaka," nikasema.

"Mbona hukuniambia kwamba unasema shai?"

"Mimi sisemi shai," nikamwambia, na hasira yote ya miezi ile ikapanda. "Mimi nasema shai. Kama wewe unavyosema shai."

Nesi alilazimika kukaa. Mlango ulikuwa wazi, na kule kwenye benchi nikasikia yule mzee akicheka hadi akalazimika kushikilia miwani yake. Watu wa kwetu tunapata shida na ile ch. Ulimi unaikataa, inatoka sh. Hilo nililijua tangu shule, na nimewacheka wengine kwa hilo miaka mingi, hasa mashemeji zangu. Nilichokuwa sijui ni kwamba nami nimo. Hadi leo nikitamka neno hilo nasikia ch safi kabisa, na wifi ananiambia siyo.

Daktari alikuwa amefunika uso kwa mikono. "Nisamehe, mama," akasema. "Muda wote huu nimekuwa nikikutibu Ukikuyu." Kisha akaona kidonda alichonitia kile kinundu, akaacha kucheka, akaomba radhi mara ya pili, na hiyo ya pili ilimtoka moyoni. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kumwambia. Yalinipotea. Mtu aliyeharibu kwa kujitahidi sana huwezi kumtukana ukafurahia.

Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana. "Tuanze upya. Niambie, ukiondoka hapa unataka kumwambia nani nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza habari za mama. Nikamwambia sihitaji kutangaza redioni, nataka mwanamke mmoja kipofu ajue kwamba ni mimi.

Akamwita nesi, akamwambia asimame mbele ya ukuta, atupe mgongo, afumbe macho na asikilize kama kikongwe wa kwao. Kisha akachukua kile kinundu akaanza kukisaga. Alikisaga kidogo, akakisugua kikalainika, akanitia mdomoni, nikasema, "Maitu, ni nii." Nesi akatikisa kichwa, mgongo bado kwetu. "Bado. Huyo ni mtu wa mafua." Akasaga tena. "Bado, daktari, lakini anakaribia." Chai ya daktari iliganda utando juu. Wagonjwa walisubiri kwenye benchi, na hakuna aliyelalamika. Nadhani walikuwa wakisikiliza. Mdomo wangu ulikuwa umechoka, kidonda kiliwasha, nikawa nasema maneno yale matatu bila kuyafikiria tena, kama mtu anayebisha hodi. Nikasema, "Maitu, ni nii," na nesi akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Usiguse. Hapo ni mtu wa nyumbani."

Alipogeuka niliona kwamba amelia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Niliambiwa nisubiri kidonda kipone kwanza kabla ya kuvaa kizibo tena. Nikasubiri. Huo ndio uliokuwa mtihani mgumu kuliko vijiti, maana kikohozi cha mama kilizidi, na wifi alikuwa amehamia kwetu na mkeka wake. Nilimlisha kimya. Nilimgeuza kimya. Kizibo kilikuwa kwenye bakuli la maji kabatini, na kila nilipopita nililitazama kabati kwa hamu. Nilimwomba Mungu amuache kidogo tu.

Akamuacha. Baridi ikapungua, jua likatoka, na siku daktari aliponiruhusu nikafika nyumbani nikamkuta mama nje, kwenye kiti chake, ameinua uso juani. Wifi alikuwa akichambua sukuma wiki. Aliniona, akaona sijavaa barakoa, akaweka kisu chini.

"Maitu," nikasema, "ni nii."

Mama akageuza sikio. Kisha akageuza uso mzima.

"Maitu?"

"Ee, Maitu."

"Ulikuwa wapi?"

"Hospitali."

"Muda wote huo?" Akanyoosha mikono. Nikapiga magoti, akanishika uso. Kizibo kilikuwa kimeinua shavu kidogo, na vidole vyake vikapita pale bila kuzama. "Umekonda," akasema. "Walikunyima chakula. Mimi nilijua. Niliwaambia hawa, yule angekuwa mzima angekuja. Walitaka kunidanganya." Alikuwa akilia na kugomba kwa wakati mmoja, na mimi nilitamani agombe mpaka usiku. Alinigombeza kuhusu ng'ombe, kuhusu kanisa, kuhusu blauzi yake ya buluu. Kila sentensi ilianza na Maitu. Wifi aliingia ndani na sukuma zake ili tusimwone.

Furaha ile sitajaribu kuipamba. Nilimaliza siku nzima nikiongea upuuzi ili aendelee kunijibu.

Lakini kesho yake, nilipokuwa nikimpaka mafuta miguuni, akaniambia, "Maitu, kulikuwa na mama mmoja hapa."

"Mama gani?"

"Alikuja ulipokuwa hupo. Anaongea kwa pua, vibaya sana, humwelewi. Lakini nilipokuwa na kile kikohozi hakulala. Nilikuwa namsikia anapumua hapo kitini. Nikiamka yuko. Chai alikuwa akiipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe ili isiniunguze." Akanishika mkono. "Sasa simsikii. Ameenda wapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza upya yote, uvimbe, taya, tundu, kwamba yule alikuwa mimi. Akasikiliza kwa makini, kisha akacheka, akanipiga kofi dogo mkononi. "Wewe? Wewe lini uliweza kunyamaza? Yule alikuwa mtu mtulivu."

Siku iliyofuata akauliza tena. Na iliyofuata. Hakuwa na amani. Aliona tumemfukuza, au ameondoka kwa uchungu kwa sababu mwenye nyumba amerudi na hakuna aliyemshukuru. "Mtu kama huyo humwachi aende bila kuagana naye," akaniambia, na safari hii alikuwa na hasira nami. "Umenirudia vizuri, Maitu, lakini hukufanya vizuri."

Nikaenda jikoni. Nikasimama kando ya sinki. Nilikuwa nimepigania sauti ile kwa vijiti na vidonda, na kuivua mbele ya mama, hata kwa dakika chache, kuliniogopesha kuliko upasuaji. Nikaingiza kidole, nikashusha kizibo, nikakiosha, nikakiweka kwenye bakuli. Nikarudi chumbani, nikaketi kwenye kile kiti kilicho karibu na kitanda.

"Nimekuja kukuaga," nikasema.

Uso wa mama ukafunguka. "Ni wewe!" Akatafuta mkono wangu akaushika kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima, jinsi anavyowashika watu wasio wa kwake. "Nilidhani umeondoka. Mtoto wangu amerudi, umemsikia? Sasa nenda nawe ukapumzike. Umenilea, na mimi si wa kwenu. Una mama?"

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi ukifika nyumbani," akasema, "mwambie mimi nimesema kwamba alizaa mtu."

Nikamjibu, kwa pua, kwamba nitamwambia.